Sentensi za Kiingereza: acha urefu, tafuta kitenzi

Aliyenifundisha kwamba sentensi fupi ya Kiingereza ni sahili (simple) na ndefu ni changamano (complex) alinipotezea muda mwingi. Nilikuwa narisiti Kiingereza cha kidato cha nne hapa Mbeya, tuisheni nalipia elfu kadhaa kila mwezi, na kila nikiuliza naambiwa hilohilo: tazama urefu. Ni uongo, na mpaka leo wanafunzi wanaendelea kulishwa.

Chukua hii: "The old bus from Tukuyu stopped near the market at Uyole in the heavy rain." Ndefu kweli, lakini kitenzi ni kimoja tu, "stopped". Hiyo ni sahili. Sasa hii: "I left when he came." Maneno matano, lakini "left" ni ya "I" na "came" ni ya "he", kwa hiyo ni changamano!

Nilinunua kalamu nyekundu nikaanza kupigia mstari kila kitenzi chenye kiima chake, yaani anayetenda. "To sell" niliiruka, haibebi wakati. Hata "We washed and sold the potatoes" ni sahili, maana vitenzi viwili vinatumia "we" mmoja.

Vikipatikana viima viwili na vitenzi vyake, hapo ndipo kazi ilipo, na dawa yake niliipata jikoni. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, tunakaa wote Mwanjelwa. Jioni tukimenya viazi namsomea kipande cha sentensi, kisha nanyamaza. Nikisema "Because the road was bad", kisu kinasimama, ananitazama: "Enhe, dada?" Anasubiri. Nikisema "The road was bad", anaendelea kumenya. Basi! Kipande kinachomsubirisha ni kishazi tegemezi, kinachomwacha amenye ni kishazi huru. Tulirudia jioni nyingi, akawa ananisahihisha yeye. Kwa hili ninajivunia kuliko tuisheni yote niliyolipia.

Huru kwa huru vikiungwa na "and", "but" au "so", hiyo ni ambatano (compound). Huru na tegemezi, changamano. Huru viwili na tegemezi juu yake, kama "When the rain stopped, we loaded the avocados and the driver left", ni ambatano changamano. Angalia pia "who", hupenda kujificha katikati: "The woman who sells potatoes is my aunt." Chomoa "who sells potatoes", kinachobaki kinasimama chenyewe, kwa hiyo nayo ni changamano.

Kitu kingine, tusibebe mazoea yetu. Kwa Kiswahili nasema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda" na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza "although" ikishakaa, "but" inatoka. Na "Inanyesha" kwetu imetosha, wao lazima waweke "it" mbele.

Mtihani ulipofika nilijibu bila kubahatisha, na C niliyokuwa naitafuta niliipata.

Taarifa, swali, amri na mshangao ni mgawanyo mwingine kabisa: huo unauliza sentensi inafanya kazi gani, si imeundwaje. Usikubali mtu akuchanganyie. "Close the door" ni amri kwa kazi, sahili kwa muundo, na kiima chake "you" hakitajwi. Ongeza "because it is raining", amri inabaki amri, ila muundo umekuwa changamano.