Inodi huamuliwa siku ya kwanza

Kila diski mpya inapongoja kuwekwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, naiwaza namba 16384. Ndiyo kipimo cha kawaida kwenye /etc/mke2fs.conf: kila baiti 16384 za diski hutengewa inodi moja, yaani rekodi inayobeba taarifa za faili. Faili hutumia inodi moja, iwe ya baiti tatu au ya GiB tatu, na saraka vilevile. Inodi zikiisha, mfumo hulalamika kwamba nafasi imekwisha, huku df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, ikionyesha nusu yake ni tupu. Ukweli uko kwenye df -i, inayohesabu inodi.

Linalonisumbua ni kwamba kosa la kukadiria inodi halirekebishiki papo hapo. Amri ya tune2fs, inayobadilisha mipangilio ya mfumo uliopo, haiongezi idadi ya inodi. resize2fs huziongeza kwa kupanua mfumo wenyewe, tena kwa uwiano uleule wa mwanzo. Vinginevyo unahamisha data, unaunda mfumo upya, unairudisha.

Kwa hiyo naona cha kupima kwanza ni data, si diski. Kwenye mfumo wa zamani, gawanya nafasi iliyotumika kwa idadi iliyo kwenye safu ya IUsed ya df -i. Tuseme GiB 40 zimebeba faili milioni 8 za barua pepe: wastani ni takriban baiti 5,400. Diski ya GiB 100 kwa kipimo cha kawaida ina inodi 6,553,600, hivyo faili hizo hazienei, ingawa kwa ukubwa hazifiki hata nusu yake. Hapo inafaa kuunda mfumo kwa mkfs.ext4 -i 4096, inodi moja kwa kila baiti 4096. Usishuke chini ya ukubwa wa bloku, kipande kidogo kabisa cha diski ambacho faili hupewa. Utatenga inodi ambazo hazitapata bloku za kutumia.

Kwa video na nakala rudufu hali hugeuka. TiB 1 hupata inodi 67,108,864. Kwa baiti 256 kila moja, zinameza GiB 16. Chaguo la -T largefile, inodi moja kwa kila MiB, hushusha gharama hiyo hadi MiB 256. largefile4 siipendi: inodi 262,144 kwa TiB nzima ni chache mno siku mtu akifungua humo fungu la faili (archive) lenye faili ndogondogo.

Ukubwa wa inodi uache kwenye 256. Ukiweka -I 128, tarehe za faili zitagota Januari 2038.

XFS na Btrfs, mifumo mingine ya faili, hutenga inodi kadiri zinavyohitajika, na kwa data isiyotabirika ningeanzia huko. Ukibaki na ext4, ongeza -n kwenye amri ya mkfs.ext4: itakuonyesha idadi ya inodi bila kuandika chochote kwenye diski.