Nilivyoomba uraia Texas huku nimewahi kucheza kasino za swipsteki

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa Texas wenye grinkadi ambao wamewahi kucheza zile kasino za swipsteki kwenye simu na sasa wanataka kuomba uraia. Nimeulizwa hili swali na watu wengi sana, kazini, kanisani, mpaka misibani, na majibu yanayozunguka mtaani mengi yananitisha. Wapo wanaosema ni halali kabisa mbona matangazo yapo kila sehemu, wapo wanaosema ukijulikana umecheza tu basi uraia sahau. Yote mawili sio kweli, na mi nimepita humo mwenyewe kwahiyo nawaelezea nilivyofanya.

Kwanza zinavyofanya kazi. Unanunua koini za dhahabu, hizo hazina thamani yoyote ni za kuchezea tu, alafu juu yake unapewa koini za swipsi kama bonasi. Hizo za swipsi ndo zenye mambo, ukiziingiza kwenye sloti, ile michezo ya mashine za kamari, ukashinda unazibadilisha kua hela, kwa kawaida koini moja dola moja. Sasa kamari kisheria huku Marekani ni vitu vitatu vikikutana: zawadi, bahati, na malipo ya kushiriki. Hawa jamaa wanasema kwetu sisi hicho cha tatu hakipo, koini za swipsi hatuuzi tunagawa bure, ni kama zile promosheni za soda za kwetu ambapo unanunua soda unakuta zawadi kwenye kizibo. Na njia ya bure kweli ipo, unaandika ombi kwa mkono kwenye kadi, unaweka kwenye bahasha unatuma posta, wanakuwekea koini kadhaa. Nilituma. Ni kazi jamani, ukikosea herufi au ukisahau ile namba ya ombi hawakuhesabii, na stempu unanunua mwenyewe. Watu wengi hawahangaiki na hayo, wananunua tu furushi la dola kumi au ishirini maisha yanaendelea.

Sasa njoo Texas. Hili jimbo halina kasino za kibiashara, sisi wa Houston mtu akitaka kasino ya kweli anaendesha masaa mawili na kitu mpaka Lake Charles huko Louisiana, wa Dallas wanavuka Oklahoma, ndani ya jimbo zipo chache tu za makabila ya wenyeji wa asili kama ile ya Kickapoo pale Eagle Pass. Katiba ya jimbo inaliamuru bunge lipige marufuku bahati nasibu, ata ile bahati nasibu ya jimbo lenyewe ilibidi wananchi wapige kura 1991 kubadili katiba ndo ikaanza 1992. Kwenye sheria ya jinai sura ya 47 kubeti ni kosa, dogo, faini haizidi dola 500, lakini ni kosa. Ila humo ndani hakuna mahali palipoandikwa kasino za swipsteki za mtandaoni. Hazijatajwa. Na bunge la Texas linakaa kikao cha kawaida mara moja tu kila miaka miwili, 2025 walikaa wakaivunja tume ya bahati nasibu ya jimbo kazi zake zikapelekwa idara nyingine, wakapiga marufuku zile apu za kukununulia tiketi za bahati nasibu, hizi kasino wakaziacha kama zilivyo. Kikao kijacho Januari 2027.

Kwahiyo unakaa kwenye kitu ambacho hakijaruhusiwa na hakijakatazwa kwa jina. Na Texas wana historia ya kuacha mambo hivo hivo. Januari 2016 mwanasheria mkuu Ken Paxton alitoa maoni kwamba ile michezo ya fantasi ya kulipia ya kila siku, unapanga timu yako ya wachezaji wa kweli unashindania hela, huenda mahakama itaiona ni kamari, ila maoni ya mwanasheria mkuu sio sheria, na watu wanacheza mpaka leo. Upande mwingine kuna zile mashine za kwenye vijumba vya michezo, eiti-laina, wenyewe walisema hatutoi hela tunatoa vocha za kununulia vitu dukani, mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema vocha kama hiyo ni sawa na hela tu, hamjakwepa kitu. Ukisoma hiyo kesi alafu ukaangalia koini zinazogeuka dola kwenye akaunti yako ya benki, unaona wazi kwamba siku jaji wa Texas akiulizwa, jibu linaweza kwenda upande wowote.

Kinachowachanganya watu ni orodha. Ukifungua vigezo na masharti ya hizi kampuni wameandika majimbo ambayo hawahudumii, zamani zilikua chache, Washington, Idaho, Michigan, lakini 2025 imeongezeka kwa kasi: Montana walipitisha sheria mwezi wa tano, zikafata Connecticut, Nevada, New Jersey, California gavana Newsom akasaini mwezi wa kumi ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2026, na New York nao Desemba. Texas haimo kwenye orodha basi mtu anasema si unaona, huku ruksa. Hapana. Hiyo orodha ameandika mfanyabiashara, kaangalia wapi hatari ni kubwa na wapi anaweza kuendelea kuuza. Angalia Louisiana hapo jirani tu. Juni 2025 bunge lao lilipitisha muswada wa kuzipiga marufuku, gavana Landry akaukataa, watu wakashangilia, kumbe kaukataa kwasababu anasema bodi yao ya kamari tayari ina nguvu ya kuzizuia bila sheria mpya, na bodi ikatuma barua zaidi ya 40 za kuziambia kampuni acheni mara moja. Yani sheria mpya haikupita na bado wakafukuzwa kwa sheria za zamani. Kitu kama hicho Texas hakihitaji kusubiri 2027.

Nadhani sisi tuliotoka Bongo hili linatupiga zaidi kwasababu nyumbani Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, kampuni ya kubeti ina leseni, hela ya ushindi inakatwa kodi hapo hapo kabla hujaipokea, kwahiyo ukiona tangazo la mkeka kwenye tivii unajua kuna mtu serikalini kaidhinisha. Tumekuja na hiyo akili. Huku tangazo halimaanishi leseni.

Mi nilicheza 2024, nikashinda hela ya maana kidogo, zaidi ya dola elfu. Kuitoa tu ilikua shughuli. Wanataka picha ya leseni ya udereva, selfi, bili ya umeme yenye jina lako, na mimi majina yangu matatu ya Kitanzania kwenye leseni yamekaa tofauti na nilivyojisajili, wakagoma. Nikasumbuana nao mpaka wakarekebisha jina kwenye akaunti likafanana na grinkadi herufi kwa herufi. Wakati ule niliona usumbufu, baadae ndo ilinisaidia sana, kwasababu fomu ya kodi ilikuja na jina sahihi.

Hiyo fomu ni 1099-MISC, kwa mwaka ule kampuni ilitakiwa kukutumia ukipokea zawadi kuanzia dola 600. Mtu wa kodi niliempelekea alisoma kidogo akasema sawa, umeshinda kamari, akawa anaandika kwenye mstari wa kamari. Nikamwambia kaka subiri kwanza, kamari ya kasino wanatoaga fomu nyingine ya W-2G, hii wameandika mapato mengine, angalia boksi namba 3. Tukakaa pale tukaangalia, kwenye Schedule 1, ile karatasi ya nyongeza ya ritani ya kodi, kuna mstari 8b wa kamari na kuna 8i wa zawadi na tuzo. Akanielewesha kwamba nikiweka 8i siwezi kutoa hela niliyopoteza, maana hasara ya kamari inakatwa kwenye ushindi wa kamari tu na lazima uwe umeorodhesha makato yako moja moja. Mimi sio mtu wa kuorodhesha, nachukua makato ya kawaida, kwahiyo sikupoteza chochote. Tukafata fomu ilivyosema, 8i, kodi nikalipa yote. Na hapa nisisitize, ata kama fomu haijaja hela ni kipato unatakiwa kuitaja. Kuanzia malipo ya 2026 kiwango cha fomu kimepanda mpaka dola 2,000, naona wengi watadhani chini ya hapo hakuna kodi, ipo.

Mwaka jana ndo nikaanza N-400, fomu ya kuomba uraia. Kuna sehemu wanauliza maswali ya ndio na hapana, umewahi hiki umewahi kile, katikati yake lipo moja: umewahi kucheza kamari kinyume cha sheria au kupokea kipato cha kamari haramu? Umewahi, yani maisha yako yote. Nikaacha kalamu. Nikiandika hapana, alafu ofisa ana uwezo wa kuona kodi zangu na kuna zawadi ya kampuni ya sloti, ataniona muongo. Nikiandika ndio, nimekiri kuvunja sheria ambayo hakuna alienionyesha.

Sikujibu kwa kubahatisha na sikuuliza kwenye magrupu ya WhatsApp. Nilienda kwenye shirika linalosaidia wakimbizi na wahamiaji, wana mwakilishi alieidhinishwa na Idara ya Sheria kushughulikia kesi za uhamiaji, bei yao ni ndogo sana ukilinganisha na wakili binafsi. Nikamkuta mama mmoja Mkenya, mtaratibu, akasoma kila karatasi. Akaniuliza, "Wewe unaishi kwa hii pesa?" Nikamwambia hapana mama, nafanya kazi ghala, shifti ya usiku. "Ushawahi kupatikana na hatia ya kamari kortini?" Hapana. Akasema, "Basi zile ngumu mbili umepita." Akanifafanulia, sheria ya uhamiaji inakunyima sifa ya mwenendo mwema kama kipato chako kikubwa kinatoka kwenye kamari haramu, au kama una hatia mbili au zaidi za kamari ndani ya kile kipindi wanachokiangalia, ambacho kwa wengi wetu ni miaka mitano. Na kuna ya tatu ambayo ndo inawaangusha wengi, kusema uongo chini ya kiapo ili upate faida ya uhamiaji. Hiyo haijali ulishinda dola ngapi.

Alafu akaniambia maneno ambayo nayashika mpaka leo: "Sikiza ndugu yangu, mimi siwezi kukuambia ni halali, na pia sina karatasi ya Texas inayosema ni haramu. Kwa hivyo hatutajificha." Tukaandika hapana, na kwenye ukurasa wa maelezo ya ziada tukaeleza kila kitu kwa sentensi chache, nilicheza promosheni za swipsteki mwaka fulani nikiwa Texas, kampuni ilisema inaruhusu wakazi wa Texas, nilipokea zawadi kiasi hiki, nililipa kodi, sijawahi kukamatwa wala kushtakiwa. Hilo ni jibu la kesi yangu, kesi yako inaweza kupewa jibu lingine, usikopi. Alisisitiza pia kwamba Agosti 2025 USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, walitoa maelekezo mapya kuhusu mwenendo mwema, ofisa sasa anaangalia maisha yako kwa ujumla, familia, kazi, kodi, na anaweza kupima ata tabia ambayo sio kosa kisheria. Kwahiyo tuliambatanisha nakala za kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na barua ya mwajiri.

Ushahidi ndo ulichukua muda. Nilipakua historia yote ya akaunti, kila manunuzi na kila hela iliyotoka, nikalinganisha na benki mstari kwa mstari. Nikahifadhi vigezo na masharti kwa PDF kabla hawajabadilisha, maana hawa wanabadilisha kila jimbo likiamka. Nikahifadhi na barua pepe za kuhakiki jina. Baada ya hapo ndo nikafunga akaunti, na barua pepe ya kufunga nikaitunza.

Nilituma maombi kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 kwahiyo nilifanya mtihani wa uraia wa zamani, maswali kumi unatakiwa upate sita, wanaotuma sasa ni ishirini unatakiwa upate kumi na mbili, someni mapema. Kwenye usahili ofisa alifika kwenye lile swali akasoma maelezo yangu kimya, akauliza bado unacheza? Nikasema hapana. Akauliza hii zawadi uliitangaza kwenye kodi? Nikamuonyesha mstari wa 8i kwenye ritani na nakala ya IRS. Akaandika kitu, akaendelea na swali linalofata kuhusu safari zangu za Tanzania, na huko kwenye safari ndo alikaa muda mrefu kuliko kwenye kamari. Nilipita, na kiapo nimeshakula.

Kwa mwenye hela bado imekaa kwenye hizo akaunti ningemwambia aitoe mapema kadri anavyoweza, kwasababu kampuni ikiamua kuondoka Texas wewe ndo utakua unakimbizana na uhakiki wa majina wakati wamebakiza muda mfupi. Shemeji yangu yupo Dallas ana akaunti mbili na anataka kutuma N-400 mwaka huu, alitaka kuzifunga usiku ule ule tulioongea, nikamwambia pakua historia kwanza maana ukishafunga unaweza usiruhusiwe kuingia tena. Ameshapakua moja, nyingine wanamdai bili ya umeme yenye jina lake na bili zote nyumbani kwao zipo kwa jina la dada yangu, kwahiyo anabadilisha jina kwenye bili ndo aende kwa mwakilishi wa huko na karatasi zake zote. Swali la kamari hajalijaza bado.