Jina la Kambini

Basi dogo lilitoka Dodoma saa moja asubuhi, likapita Ihumwa na Buigiri, na tulipofika Mbande tukaiacha barabara ya Morogoro. Kutoka hapo ni mibuyu na ng'ombe wa Wagogo. Wengi wakisikia Kongwa hukumbuka karanga, ule mradi wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951 baada ya ardhi ya udongo mgumu kuwashinda. Mimi nilifuata kilichokuja baadaye: kambi ya wapigania uhuru.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa wale wa kambini?"

Mzee alikuwa mchunga ng'ombe mdogo kambi ilipofunguliwa mwaka 1964. Anasema waliwasikia wakiimba kabla jua halijachomoza. FRELIMO wa Msumbiji walikuwa hapa, na Samora Machel akiwa miongoni mwao. ANC ya Afrika Kusini pia, na SWAPO ya Namibia, na wengine. Alinipeleka makaburini, akavua kofia. Nami nikavua yangu.

Bunduki zao zilitoka mbali, Urusi ya Kisovieti na China. Adui zao nao walikuwa na wa kuwaunga mkono. Ureno, iliyoitawala Msumbiji, ilikuwa ndani ya NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, tangu mwaka 1949, na Marekani ilihitaji uwanja wa ndege wa Lajes, katika visiwa vya Azores. Oktoba 1973 ndege za Marekani zilizopeleka silaha Israel zilitua hapo kujaza mafuta. Anayehitaji uwanja wako hatakukaripia sana juu ya Msumbiji.

Lililonikaa kooni, hata hivyo, ni la Namibia. Vijana waliopita Kongwa walikuwa Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, tarehe 26 Agosti 1966, vita vya kudai uhuru kutoka Afrika Kusini vilipoanza. Mwaka 1978 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 435: uchaguzi huru, chini ya Umoja wa Mataifa. Njia ilikuwa imeshachorwa. Lakini jirani, huko Angola, Cuba ilikuwa na askari wake tangu mwaka 1975 wakiisaidia MPLA, chama tawala, na Afrika Kusini ilikuwa ikiingia na kutoka ikiibeba UNITA, waasi waliopigana na MPLA. Mwaka 1981 serikali ya Reagan, rais wa Marekani, ikaja na sharti lake: Namibia isubiri hadi Wacuba waondoke Angola. Makaburu walilipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1986 Marekani ikaanza kuwapa UNITA makombora ya Stinger, ya kutungulia ndege. Hadi mkataba wa kuipa Namibia uhuru uliposainiwa New York tarehe 22 Desemba 1988, uhuru wa watu wa Windhoek ulikuwa rehani ya ugomvi wa Washington na Havana.

Siwapimi wote kwa mizani moja. Aliyepeleka askari kuzuia jeshi la ubaguzi lisifike Luanda si sawa na aliyelikingia kifua jeshi hilo. Lakini kwa kila mkubwa, haja yake ilitangulia, na ratiba ya kufa na kusubiri ikapangwa kwa haja hiyo.

Mchana nilikula ugali na mlenda kwa mama lishe mmoja karibu na stendi. Aliponiuliza nimetoka wapi, nikamwambia makaburini. Akaacha kupakua.

"Baba yangu hayupo pale," alisema. "Angekuwepo ningepalilia."

Alizaliwa mwaka 1967. Baba yake alikuwa wa SWAPO, akaondoka yeye akiwa hajaanza kutembea. Mwaka 1979 alipita mtu na salamu zake: uchaguzi ukishafanyika kwao, atakuja kuwachukua. Mama yake akaungojea uchaguzi huo kama watu wanavyongojea mvua za Desemba. Alifariki mwaka 1985. Uchaguzi ulifanyika Novemba 1989.

Nilitaka kumweleza habari za lile sharti la mwaka 1981, maneno yakakataa. Nilimweleza hata hivyo, kwa ufupi. Alisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo uchaguzi ulikuwa tayari?"

"Ulikuwa umeshakubaliwa, mama."

Akakaa. Baada ya muda akaniuliza kama huko Namibia waliokufa wameandikwa mahali. Nikamwambia anipe jina la baba yake, nitauliza. Alilijua moja tu, la kambini, la kujificha. Nikaliandika daftarini. Aliinama akasoma, akanisahihisha herufi moja.