Chumba cha mama upande wa ziwani

Mwaka 2019 nilirudi nyumbani Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na akiba kidogo na wazo moja tu kichwani, kumjengea mama chumba upande wa ziwani, maana magoti yalishaanza kumsumbua na chumba chake kina ngazi tatu halafu joto, na yeye anapenda upepo, aone mitumbwi inavyorudi asubuhi. Nyumba yenyewe baba aliijenga 1991. Fundi akaniambia kibali ni cha wanaoanza nyumba mpya, we unaongeza chumba tu, nikamwamini jamani, hata kwa mwenyekiti wa mtaa sikuuliza. Mawe tukayapasua kwa moto palepale kiwanjani, msingi ukapanda, tofali kozi nne.

Siku ya tano natoka dukani nakuta X nyekundu ukutani, ile alama ya kubomoa, rangi mbichi inachuruzika mpaka chini kwenye udongo, mama kakaa kwenye kigoda anaiangalia tu hasemi kitu. Iliniuma sana ile.

Nikaenda kwa watu wa mipango miji nimefura. Dada mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kaka hata kuongeza chumba kunataka kibali, halafu nyie mko ndani ya mita 60 za ziwa, Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 hairuhusu shughuli ya kudumu pale. Kesho yake akaja mwenyewe na futi kamba. Msingi wetu ulikuwa mita 31 toka majini! Akamwamkia mama, akakaa naye kwenye mkeka akamweleza taratibu kwamba pale ndipo samaki wanapozalia na ziwa likijaa ndipo linapopumulia. Mpaka leo namheshimu yule dada, wangekuwa wote hivyo watu wasingejificha kujenga usiku.

Tofali tukazing'oa. Tukachora ramani, tukaomba kibali vizuri, chumba kikapanda juu kule kwenye mwembe, nje ya zile mita, na mlango hauna ngazi hata moja. Ziwa analiona lote juu ya bati la nyumba ya baba.

Msingi ule wa mawe tuliuacha. Mei 2020 Ziwa Victoria likajaa kuliko rekodi ya 1964, kwetu kumelala tambarare, maji yakaja usiku kimyakimya, asubuhi namkuta mtoto wa dada yangu kasimama katikati ya kile ambacho kingekuwa chumba cha bibi yake, maji magotini, anakamata furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, kwa kanga.