Siku Babu Alipovuliwa Barakoa

Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, mwanangu aliweka kijiko chini akaniuliza: "Mama, siku ile chuoni kwa Babu, mjomba alilia kwa nini?"

Babu huyo ni mtoto wa kaka yangu, aliyerithi jina la baba yetu, na chuo chake kiko huku Ohio, Marekani. Siku hiyo mwanangu alikuwa na miaka minane. Alisimama juu ya ukingo wa bustani akishika bega la baba yake, nami nilidhani haoni zaidi ya vijana wanaoruka. Sasa ana kumi na mitano, na chuo kilekile kimeanza kumletea vipeperushi vyenye picha za majani mekundu na vijana wanaocheka. Nilimjibu nilivyomjibu mwaka ule wa 2018: "Alilia kwa furaha." Akanitazama kitambo, akarudi kwenye wali wake. Toka Jumapili sijalala vizuri.

Mambo yalianzia kwenye nguo chafu. Babu alikuja nyumbani Pasaka na mfuko wake wa nguo, wifi akapekua mifuko ya suruali kabla ya kuzitia mashineni, kama anavyofanya siku zote, akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Herufi za Kigiriki toka ya kwanza hadi ya mwisho. Majina ya watu waliokufa zamani na miaka yao. Shairi la Kiingereza la kukariri. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, maneno ya kukataza karatasi isionyeshwe mtu. Saa tano usiku simu yangu ikalia.

"Wifi, mtoto kaingia Frimasoni."

Aliyewahi kutembea Dar es Salaam anajua neno hilo wifi alilitoa wapi. Matangazo yale yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, jiunge upate utajiri, na namba ya simu chini yake. Kwa mama aliyelelewa na minong'ono hiyo, herufi zisizosomeka, siri, na kijana anayekonda ghafla vina maana moja tu. Alikuwa ameshaanza kufunga. Alikuwa ameshampigia padri wetu kule kwetu Masasi, kusini mwa Tanzania, na padri naye akaanza kufunga.

Jumamosi nikaenda kwao. Kaka alikuwa ametoka zamu ya usiku bohari, macho mekundu, hajavua hata viatu. Mimi kazi yangu ni ukalimani hospitalini, kusimama katikati ya daktari na mgonjwa na kuhakikisha hakuna linaloanguka njiani, kwa hiyo nilijiandaa kama ninavyojiandaa kazini. Nikawaambia hizi ni frateniti, undugu wa wanafunzi wa kiume, na zina miaka mingi. Chama cha kwanza cha wanafunzi Marekani kujipa herufi za Kigiriki kilianza Virginia mwaka 1776, enzi ambazo msomi hakuitwa msomi bila Kigiriki na Kilatini. Vilivyofuata vilikuwa vya vijana wa kizungu, na mlango ulifungwa kwa mtu mweusi. Ndipo mwaka 1906, pale chuo kikuu cha Cornell, New York, vijana saba weusi wakaanzisha cha kwao, maana katika baridi ile hawakuwa na mtu isipokuwa wao kwa wao. Vikafuata vingine, kadhaa vikizaliwa chuo kikuu cha Howard kule Washington, na leo vile vikongwe vya weusi, vya wanaume na vya wanawake, ni tisa. Babu alikuwa ameingia kimojawapo. Nikawatajia Martin Luther King, aliyejiunga na kile cha Cornell akiwa mwanafunzi Boston. Nikawatajia Nkrumah.

Kaka aliinua kichwa. "Nkrumah huyu wa Ghana?"

"Huyo huyo. Alisoma Pennsylvania, akaingia chama kilichoanzishwa Howard mwaka 1914."

Akajiongezea chai. Sisi tuliolelewa na redio ya wakati wa Mwalimu, jina hilo halipiti hivihivi. Lakini wifi hakuwa amesogea hata kidogo.

"Na mama yake Nkrumah aliambiwa?"

Sikuwa na jibu, nikakimbilia jando.

Kaka aliingia jando mwaka 1971, jando la kanisa, lile ambalo Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, aliliingiza katika Ukristo badala ya kulipiga vita, msalaba ukasimama kumbini, kambini kwa vijana wa jando, na padri akawa hapo. Nikamwambia: kaka, hebu sikiliza. Vijana wanapangwa mstari kwa urefu, kila mmoja na namba yake. Wanafundishwa mambo ya wakubwa na kuyakariri. Wanapewa majina mapya. Walioingia pamoja ni ndugu mpaka kaburini, wanaitana ndugu wa mstari mmoja. Waliyojifunza hawayasemi nje. Na iko siku ya kutoka, watu wote wanakusanyika kuwatazama.

Kaka akacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Basi hili ni jando!"

Nilifurahi mno. Nilihisi nimeibeba nyumba nzima nikaivusha mto.

"Jandoni walikuwa wanawapiga?" wifi akauliza.

Kaka akatazama kikombe chake. "Mambo ya kumbi hayasemwi nyumbani."

"Na huku?" Hapo alikuwa ananitazama mimi.

Nikamwambia kwamba vyama vile vilikubaliana mwaka 1990 kuufuta utaratibu wote wa zamani wa kuwasulubu wanaoingia. Nikamwambia Ohio kumtesa anayeingia ni kosa la jinai. Yote mawili ni kweli. Sikumwambia kwamba marufuku ile iliyahamishia mambo gizani, kwenye nyumba za kupanga, usiku, mbali na macho ya chuo. Sikumwambia kwamba mwaka mmoja tu kabla ya siku ile, kijana wa miaka kumi na tisa alikufa Pennsylvania kwa sababu ya usiku wa kukaribishwa kwenye frateniti ya chuo chake. Na sikumwambia kwamba Jumapili ya Pasaka, kanisani, Babu alisimama ibada nzima, hata wakati wa mahubiri tulipoketi sote. Aliniambia mgongo unamsumbua kwa sababu ya basi.

Hospitalini siruhusiwi kuacha hata neno moja la daktari. Mezani kwa kaka niliacha maneno yaliyokuwa mazito kuliko yote, nikanywa chai.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa Aprili, jioni, baridi ya Ohio isiyojua kwamba ni majira ya kuchipua. Wanaiita probeti, siku ya kuwatoa wapya hadharani. Watu walijaa kwenye ua wa chuo, wazee wa chama wamevaa makoti yao, wasichana wa vyama vya kike wanaitana kwa milio yao, kila chama na mlio wake. Wifi alivaa kitenge juu ya koti zito na kufunga kilemba kizuri kabisa. Kaka alivaa suti aliyofungia ndoa. Walisimama katikati ya umati ule kama wazazi waliokuja kumpokea mwari, na watu wakawapisha mbele.

Kisha kimya. Mlango wa jengo ukafunguka, wakatoka.

Walikuwa vijana saba, wameshikana kifua kwa mgongo kiasi kwamba huoni mwanga katikati yao, kofia za makoti zimefunika vichwa, nyuso zimezibwa kwa barakoa nyeusi. Wanakwenda kwa kuinua magoti juu na kukanyaga pamoja, saba kwa kishindo kimoja, na kila kishindo nilikisikia kwenye soli za viatu vyangu. Wanakwenda taratibu. Hakuna anayegeuza shingo. Wifi akanishika mkono kwa nguvu. "Yupi? Wifi, yupi wetu?" Nami sikujua. Mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemwogesha kwenye beseni la bluu, sikumjua.

Ni wifi mwenyewe aliyemjua. Hakutazama nyuso, alitazama miguu. "Wa tano," akasema. "Mguu wa kushoto." Na kweli, ule mguu ulipinda ndani kidogo unapotua, kama mguu wa marehemu baba yetu ambaye Babu alirithi jina lake. Baada ya hapo hatukuona wengine. Wakasimama, wakaanza kutoa historia kwa sauti moja, mwaka kwa mwaka, jina kwa jina, bila kupumua, na sauti ya wa tano ilikuwa imekauka kama ya mtu asiyelala wiki nyingi. Wakapiga ngoma ya miguu na viganja, mapaja yakilia, vifua vikilia. Pale walipotakiwa kupiga paja la kulia, wa tano alichelewa kidogo sana. Alipiga, lakini alichelewa. Nikamwona kaka amekiona kichelewo kile.

Ndipo wakaanza kuvuliwa barakoa, mmoja mmoja, na kila aliyevuliwa alipaza namba yake na jina alilopewa. Alipofika wa tano, uso wa Babu ukatokea umelowa jasho kwenye baridi ile, mifupa ya mashavu imetokeza, macho yanatazama mbali juu ya vichwa vyetu. Akatamka jina jipya. Sitaliandika hapa, si langu.

Wifi akapiga vigelegele.

Vilikuwa vigelegele vya Masasi, virefu, vinavyopanda na kukatika na kupanda tena, vile vinavyowapokea vijana wanapotoka kumbini wamenyolewa na kuvikwa nguo mpya. Ua mzima ukageuka. Sekunde moja hakuna aliyefanya lolote, halafu bibi mmoja mweusi wa hapohapo, mwenye koti la chama cha kike, akajibu kwa mlio wake, wasichana wake wakafuata, na kelele zikapasuka. Babu alikuwa amekatazwa kutazama pembeni. Nikauona mdomo wake unatetemeka.

Na kaka analia. Mikono imeshika mifuko ya suti, machozi yanashuka hadi kwenye tai, hayafuti. Mwanangu akanivuta, akauliza, nikasema furaha.

Usiku, nyumbani, wifi alimkumbatia mwanawe, na alipompapasa mgongo kijana akavuta pumzi kwa meno. Sote tuliisikia.

"Walikupiga?"

"Niko sawa, mama."

"Nimeuliza walikupiga?"

Babu akamtazama baba yake. Kaka akasema kwa upole, "Mwache. Aliyetoka kumbini haulizwi."

Wifi hakupaza sauti. Alisema akiwa bado amemshika kijana mkono: "Wewe uliingia kumbi la kwenu. Baba yako alikupeleka kwa mkono wake. Aliyekulaza alikuwa na jina, mama yako alimjua, na ungekufa angekuja kusimama mbele ya mama yako. Hili ni kumbi la nani? Nani alikuwa mkubwa humo ndani?"

Mkubwa humo ndani alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja. Nilijua. Maelezo yangu yote mazuri ya Jumamosi ile, mstari na majina na siri na siku ya kutoka, yalikuwa na shimo katikati, na yeye ambaye hakuwahi kukanyaga jando ndiye aliyeliona. Jando lina wazee. Nilikuwa nimelinganisha kila kitu isipokuwa hilo.

Hakuna aliyemjibu. Akaenda kupasha mchuzi.

Yaliyofuata ni mengi. Babu alimaliza chuo. Wifi alipofanyiwa upasuaji, wenzake wanne wa mstari ule waliendesha magari usiku kucha kutoka majimbo tofauti, wakalala kwenye viti vya hospitali, wakapokezana zamu ili kaka asipoteze kazi. Wifi aliwapikia alipopona, na mpaka leo anawaita wanangu. Lile swali hajawahi kulifuta. Mwaka 2021, baada ya vijana wengine kufa humuhumu Ohio, sheria ilikazwa, na kumlazimisha mtu pombe au dawa za kulevya mpaka akadhurika vibaya likawa kosa kubwa. Desemba 2024 ikaja sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo viweke matukio hayo wazi. Nilimsomea wifi habari ile kwenye simu, yote, sikuruka neno. Akasema, "Kumbe walijua."

Jana usiku mwanangu aliniuliza tena. Sasa nikamwambia ukweli: kwamba sijui mjomba wake alilia kwa nini, kwamba miaka saba nimekuwa nikisema furaha kwa sababu nilihitaji iwe hivyo. Nikampa simu. "Muulize mwenyewe."

Akampigia. Nikasikia kaka akicheka kwanza, akimwuliza habari za shule. Kisha mwanangu akauliza, na upande wa pili ukanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu kaka akasema kitu kifupi. Mwanangu akaniangalia, akainuka, akatoka na simu barazani, akavuta mlango nyuma yake.

Kupitia kioo nilimwona amekaa kwenye ngazi, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nikaosha vyombo vyote. Vilipokwisha, nikaviosha tena.