Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Gauni la Joka la Anna May Wong

Wiki ya kwanza

Nimeanza kazi niliyoiwaza kwa muda mrefu, nayo ni kushona gauni jeusi lenye joka la dhahabu kwa kufuata lile alilovaa Anna May Wong, mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Kichina, katika filamu ya Limehouse Blues ya mwaka 1934. Gauni lenyewe lilibuniwa na Travis Banton, aliyekuwa mbunifu wa mavazi wa kampuni ya filamu ya Paramount, na ni la hariri nyeusi iliyotariziwa vimetameta vya dhahabu na fedha. Mwigizaji huyo mwenyewe alilitoa kwa Makumbusho ya Brooklyn mwaka 1956, na tangu 2009 limehifadhiwa katika Makumbusho ya Metropolitan, New York. Hariri imenishinda bei, kwa hiyo nimenunua mita tano za satini nyeusi.

Leo nimekiroweka kitambaa kabla ya kukikata, ili kama ni cha kurudi kirudi mapema, kisha nikakipiga pasi polepole kwa upande wa nyuma. Kazi hiyo Anna May Wong aliijua kabla ya kujua kamera. Alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, akapewa jina la Wong Liu Tsong, na baba yake alikuwa dobi. Akiwa mtoto alisaidia katika udobi huo, na fedha kidogo alizozipata alizipeleka kwenye majumba ya sinema. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 17, tayari alikuwa mwigizaji mkuu wa The Toll of the Sea, mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za rangi kutoka Hollywood.

Wiki ya tatu

Nimeharibu kitambaa. Nilikata sketi kwa kufuata uzi ulionyooka, kama nilivyozoea kukata magauni ya kawaida, na nilipoipiga bandi na kuivalisha kwenye sanamu la kushonea ilining'inia kama pazia badala ya kushuka pamoja na mwili. Magauni ya jioni ya miaka ya 1930 yalikatwa mshazari, yaani kwa kukatiza uzi wa kitambaa kiupandeupande, na hiyo ndiyo sababu yalinyumbuka na kufuata umbo bila kubana. Imenibidi ninunue mita nyingine tatu.

Nikisubiri kitambaa kipya nilisoma tena habari za safari yake ya Ulaya, nami naiona kuwa sehemu muhimu kuliko zote katika maisha yake. Mwaka 1928 aliondoka Marekani kwa kuchoshwa na nafasi alizopewa, kwa maana alikuwa ama msichana mnyonge anayekufa mwishoni, ama mwanamke mwovu wa Mashariki. Huko Ulaya aliigiza Ujerumani na Uingereza, akang'ara katika filamu ya Piccadilly iliyotoka mwaka 1929, na mwaka huohuo akapanda jukwaani London pamoja na mwigizaji Mwingereza Laurence Olivier. Wahakiki walipoilaumu lafudhi yake ya Kimarekani hakunung'unika, bali alitafuta mwalimu wa matamshi. Aliporudi Marekani, mwaka 1932 aliigiza pamoja na mwigizaji Marlene Dietrich katika Shanghai Express. Kila ninapoitazama filamu hiyo jicho langu humwendea Wong, kwa utulivu wake na kwa nywele zake zilizokatwa sawasawa juu ya nyusi.

Wiki ya sita

Sketi mpya imekaa vizuri, na sasa nimeanza kutarizi. Nimelichora joka kwa chaki nyeupe, likipanda kutoka pindoni hadi kifuani. Mama yangu mdogo, ambaye ametarizi kofia tangu ujana wake, alilitazama kwa muda mrefu kisha akaniambia, "Mwanangu, anzia mkiani. Ukifika usoni mkono utakuwa umezoea." Nimemtii. Kila kimetameta nakishona peke yake, kikilalia nusu ya mwenzake kama magamba ya samaki, na jioni nzima hunipa urefu wa kiganja kimoja tu.

Katika kazi hii ya taratibu nimefikiri sana juu ya joka lenyewe. Gauni ni zuri kupita kiasi, lakini lilitengenezwa na kampuni iliyotaka kumwonyesha kama kitu cha ajabu kutoka mbali, ilhali alikuwa mzaliwa wa Los Angeles. Mwaka huohuo wa 1934 alitajwa kuwa mwanamke anayevaa vizuri kuliko wote duniani, na bado sheria za majimbo mengi zilikataza ndoa kati ya Mwasia na mzungu, na kanuni za sinema zikafuata mkondo huo. Kwa sababu hiyo milango ya nafasi kuu za mapenzi ilifungwa mbele yake. Filamu ya The Good Earth ilipotengenezwa, nafasi ya O-Lan, mke mkulima wa Kichina, alipewa mwigizaji mzungu, Luise Rainer, naye akapata tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo. Wong alitakiwa aigize Lotus, mwanamke mwovu katika hadithi hiyo, akakataa. Namheshimu kwa kukataa huko kuliko kwa filamu yake yoyote.

Mwaka 1936 alikwenda China kwa mara ya kwanza, nchi aliyokuwa akiiwakilisha bila kuwahi kuiona, akajifunza lugha na michezo ya jukwaani, na baada ya hapo alionekana mara nyingi zaidi akiwa amevaa qipao, gauni la Kichina la kubana lenye kola ya kusimama. Nimekwisha kununua kitambaa cha kushonea moja, lakini hiyo itasubiri.

Wiki ya tisa

Joka limefika kiunoni. Vimetameta vya dhahabu vimebaki pakiti mbili, na kwa hesabu yangu vitatosha shingo na taya. Vya fedha nimeviweka kando kwa ajili ya makucha, na bitana nitaitia baada ya kumaliza kutarizi, ili mafundo ya uzi yasiguse ngozi. Jicho bado sijaamua litakuwa la rangi gani.