Ninavyoishi na ugonjwa wa Tourette

Katika tiki zangu zote, yaani miondoko na sauti zinazonitoka bila kukusudia, iliyonigombanisha na watu zaidi ni ya kusonya. Kupepesa macho na kurusha bega hakumuudhi mtu, lakini kijana anayesonya mbele ya wazee hapa Tanga, tena katikati ya maamkizi, huhesabiwa kuwa hana adabu. Nyumbani walishuku majini, nikasomewa dua na kufukizwa ubani, nami nikaendelea kusonya.

Nilikwisha kuwa mwalimu wa hisabati daktari wa mishipa ya fahamu aliponieleza kuwa huu ni ugonjwa wa Tourette, wenye jina la tabibu Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeueleza mwaka 1885. Hauna kipimo cha damu. Daktari huangalia kama kuna tiki kadhaa za viungo na angalau moja ya sauti, zilizoanza kabla ya miaka 18 na kudumu zaidi ya mwaka. Wengi hupata nafuu wakishapevuka, ila mimi sikubahatika. Kutukana ovyo, ambako wengi hudhani ndiko ugonjwa wenyewe, huwapata wachache tu.

Kilichonifaa ni mazoezi. Kabla sijasonya huhisi mwasho nyuma ya meno, mfano wa chafya inayokuja, na mtaalamu alinifundisha kuuwahi kwa tendo lisiloweza kufanyika pamoja na tiki: nafumba midomo, nabana ulimi kwenye kaakaa na kupumua polepole kwa pua mpaka mwasho upoe. Mwanzoni zoezi hilo lilinichosha kuliko tiki yenyewe, na hata sasa nikikosa usingizi au nikiwa na wasiwasi hushindwa. Ndiyo maana sisahihishi madaftari usiku.

Kila nipatapo darasa jipya huwaambia wanafunzi mapema kwamba nina maradhi yanayonisonyesha na kwamba sijamsonya mtu. Hucheka, mmoja huuliza kama husonya hata usingizini, nami hujibu kuwa tiki hupungua sana nikilala, kisha tunaendelea na milinganyo. Kwenye daladala humwamkia mzee niliyekaa naye na kumweleza kabla hajakasirika. Kazi ya kusimamia mitihani ndiyo niliyoomba nipunguziwe, kwa sababu ukimya wa chumba hunizidishia mwasho na watahiniwa wanahitaji utulivu. Mkuu wa shule alinibadilishia, nikapewa kupanga ratiba.